Jinsi Ashura Msusi Alivyojifunza Kuandika

Ukifika Rwamishenye ukaulizia kwa Ashura msusi, watakuuliza kwanza kama unataka kusukwa au unataka hadithi, maana kwa miaka mingi vitu hivyo viwili vimekuwa vikitolewa kwenye kiti kimoja. Mimi nilianza kwenda kwake kwa ajili ya nywele. Nilipozoea, nikawa nachagua misuko midogo midogo inayokula siku nzima, nipate kusikia zaidi.

Ashura Uledi ni mzaliwa wa hapa Bukoba. Babu yake alitoka Pangani akifuata biashara ya ngozi, akaoa, hakurudi tena. Kwao wanasali msikitini, wanakula ebitoke, ndizi zetu za kupika, kama sisi wengine, na wakigombana wanagombana kwa Kihaya. Mumewe, Awadhi, ni fundi wa cherehani, mpole, wa maneno machache. Mtoto wao Farida yuko chuoni Mwanza. Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye vioo viwili, benchi la wanaosubiri, na kiti cha plastiki chenye mto uliochakaa.

Hadithi zilianza kwa sababu ya maumivu. Msuko ukikazwa vizuri unavuta ngozi ya kichwa, na mteja akikaa kimya anausikia kila mvuto. Ashura aligundua kwamba mtu anayengoja kujua kitakachotokea hasikii maumivu sana. Akaanza kutunga. Alitunga habari za mganga aliyeogopa damu, na za bibi harusi aliyesahau jina la bwana harusi mbele ya mchungaji. Alikuwa na desturi moja iliyotuudhi na kuturudisha: mteja akimalizika kusukwa, hadithi nayo inakatwa pale pale, hata kama mtu yuko katikati ya mto na hajui kuogelea. Ukitaka kujua kama alizama, rudi siku nyingine, au hamia kwenye benchi umsikilize akimwendelezea anayefuata.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Klaudia, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari upande wa Muleba, ambaye kwao ni Izigo. Jumamosi moja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, wakati Ashura alipoanza hadithi mpya. Ilihusu dada wawili walioachiwa na baba yao kibanja kimoja, migomba na kahawa, wakakigawa kwa mstari wa miti na hawakusemeshana tena. Kila mmoja aliishi upande wake. Moshi wa jiko la mmoja uliingia nyumbani kwa mwenzake kila jioni, na hakuna aliyetamka neno. Klaudia alisikiliza mpaka akageuza shingo ghafla, chanuo likaanguka.

"Dada Ashura, hii iandike," alisema. "Hii si ya kuishia kwenye benchi."

Ashura alicheka, akamwambia ageuke mbele. Lakini neno lile lilimkaa. Jioni alipita dukani akanunua daftari kubwa na kalamu mbili, akafuta meza ya kulia chakula, akakaa.

Hadithi haikuja. Aliandika "Palikuwa na dada wawili", akasimama hapo. Akaona kingo za meza zina ukoko, akazisugua. Akakumbuka maharage hayajachaguliwa, akayachagua. Kesho yake akakaa tena, akaandika jina la dada mkubwa, akalifuta, akaandika jingine. Siku nyingine alijilazimisha kukaa mpaka mguu ukafa ganzi, na alichopata ni sentensi zilizofanana na barua ya kuomba ruhusa kazini. Hadithi ile ile iliyokuwa ikimtoka saluni bila jasho, mezani ilikuwa kama samaki aliyewekwa sakafuni. Alituambia baadaye kwamba wakati ule aliamini kuna watu wa kuandika na watu wa kusema, na yeye alikuwa amejichanganya na wasio wenzake. Daftari akalitumia kuandikia namba za simu za wateja.

Ndipo siku moja mvua ikaanza asubuhi, mvua yetu ile ya ziwani isiyojua kuaga. Umeme ukakatika, na hakuna mteja aliyetokea. Ashura alikaa saluni peke yake. Juu ya kabati kulikuwa na kichwa cha plastiki chenye nywele bandia, kile wanachojifunzia wasichana wanaoanza ususi. Akakishusha, akakibana kati ya magoti, akaanza kukisuka ili vidole visipoe. Alikuwa amefika mstari wa pili alipojisikia anasema. Alikuwa anakiambia kile kichwa jinsi dada mdogo alivyoamka asubuhi akakuta mkungu wa ndizi umekatwa upande wake wa mpaka, na jinsi alivyosimama pale na panga mkononi bila kujua alie au acheke.

Aliacha kusuka, na maneno yakaacha. Akashika nywele tena, yakarudi.

Pale ndipo alipoelewa hali yake. Hakuwa mtu wa kukaa mbele ya karatasi na mikono imelala. Maneno yake yalipitia vidoleni kwanza. Alichukua simu, akaiwasha irekodi, akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, akaendelea kusuka na kusema mpaka mvua ilipokatika.

Tangu hapo akajiwekea utaratibu. Baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijachangamka, alikaa sebuleni na kile kichwa, akakisuka mistari kadhaa huku simu inarekodi. Chai ikichemka aliacha. Kisha alijisikiliza kwa sauti ndogo, akiandika yale yaliyofaa na kuyaruka yasiyofaa. Na ile desturi yake ya kutukatia hadithi katikati aliifanya iwe ya kwake mwenyewe: hakumaliza sehemu asubuhi hata kama alijua mwisho wake. Aliiacha inaning'inia, ili kesho akikaa awe na hamu, kama sisi tulivyokuwa na hamu. Zilikuwapo asubuhi ambazo halikuja neno hata moja. Siku hizo alisuka tu, akanywa chai, akaenda kazini bila kujilaumu. Kukaa pale ndiyo ilikuwa kazi yake. Maneno yalikuja yalipopenda.

Awadhi aligundua jambo hili siku aliyoamka akasikia mkewe sebuleni akisema kwa ukali, "Tulia basi, usitikisike." Akafungua mlango.

"Mama Farida, unaongea na nani?"

"Na mteja," alijibu Ashura bila kugeuka.

Awadhi alikitazama kile kichwa, akamtazama mkewe, akaenda kunawa uso. Siku zilizofuata alionekana karakanani kwake akihangaika na mguu wa cherehani mbovu, na Ijumaa alirudi nyumbani na kistendi cha chuma chenye kibanio, kirefu kiasi cha mtu aliyekaa. Akakifunga kwenye ukingo wa meza, akakibana kichwa juu yake, akakitikisa kuhakikisha hakichezi. "Sasa hatatikisika," alisema, akaenda msikitini. Ashura anasema kati ya zawadi zote za ndoa yao hakuna iliyomfurahisha kama ile.

Hadithi ikakua. Klaudia kila alipokuja kusukwa alisomewa sehemu mpya, na sisi wa kwenye benchi tulisomewa pamoja naye, tukabishana kama dada mkubwa ana kosa au hana. Kisha ikagota. Ilibidi dada wale wawili wakutane, na Ashura hakujua wakutane vipi. Aliwakutanisha msibani, wakakumbatiana, wakalia. Akajisikiliza kwenye simu akaona uongo. Akawakutanisha hospitali, ikawa uongo zaidi. Alifumua kila alichosuka. Tatizo, alimwambia Klaudia, ni kwamba yeye ni mtoto wa mjini. Kibanja alikijua kwa masimulizi ya wateja. Hajawahi kuamka ndani yake.

Klaudia akamwambia afunge saluni siku chache waende Izigo kwa mama yake. Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, kahawa inavunwa. Wateja tulinung'unika, akafunga hivyo hivyo.

Mama yake Klaudia, Evodia, ni mjane wa makamo, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mbali. Alimpokea mgeni kwa ebitoke na maharage na samaki wa kukaanga, akamwambia waziwazi kwamba ameacha kuku makusudi, ili mgeni asianze kujiuliza amechinjwa na nani. Ashura akampenda papo hapo.

Asubuhi yake Evodia alikuwa amekaa nje kwenye mkeka anamenya ndizi, Ashura pembeni anajaribu kumsaidia na anaharibu. Ghafla Evodia aliinua uso, akamwelekea mbuzi wake aliyefungwa karibu na mpaka wa jirani, akasema kwa ile sauti yake:

"Wewe mbuzi, umeona yale mawingu ya ziwani? Mtu aliyeanika kahawa leo atajuta."

Ashura alidhani mama wa watu anazeeka vibaya. Lakini kutoka upande wa pili wa migomba sauti nyingine ya mwanamke ikajibu, nayo haikumjibu Evodia:

"Kuku wangu, ingieni ndani. Nasikia mbuzi wa watu siku hizi anatabiri mvua."

Kisha ukasikika mkwaruzo wa haraka haraka wa mtu anayekusanya kahawa kwenye turubai. Mvua ilipofika, upande ule hakukuwa na punje iliyobaki nje.

Ashura alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Evodia alijitahidi asicheke, akashindwa. Ndipo akamweleza. Jirani yule anaitwa Kokwijuka, rafiki yake tangu walipoolewa pale Izigo. Binti wa Kokwijuka alipoolewa, Evodia alikwenda na kanga yake kiunoni kushika sufuria ya wali, kama alivyoishika katika kila harusi ya kijiji. Akakuta mpishi amekodiwa kutoka mjini, na yeye amepangwa kwenye kumenya ndizi pamoja na wasichana. Alimenya mbili tatu, akaweka kisu chini, akarudi kwake. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Lakini wamepakana, na mambo ya kuambizana hayaishi: mvua, wezi wa ndizi, tangazo la usharika, ng'ombe aliyekata kamba. Kwa hiyo mmoja anaongea na mbuzi, mwingine na kuku.

Ashura hakungoja. Alikuwa amekiacha kichwa chake cha plastiki Rwamishenye, na vidole vilikuwa vinawasha. Akamwomba Evodia amsuke. Evodia alisema hajasukwa tangu usichana na nywele zake ni chache, lakini alikaa kwenye kigoda, mvua inapiga bati, simu ipo dirishani inarekodi. Ashura alisuka vyote viwili, kichwa cha yule mama na ile sehemu iliyomshinda. Dada wale hawakuwa na haja ya kukumbatiana. Walihitaji mtu wa kati asiye mtu. Dada mkubwa akazungumza na mbuzi, dada mdogo na kuku, na katika maneno yale ya kuzunguka zunguka wakaambiana mambo ya miaka mingi. Alipomaliza, Evodia alikuwa na mistari mizuri inayokutana kisogoni.

"Hiyo utaisoma wapi?" aliuliza.

Klaudia ndiye aliyejibu. Wanawake wa usharika wana sikukuu yao mwezi ujao, na kila mwaka wanatafuta kitu cha kuchangamsha watu baada ya ibada. Ashura alisita. Hakuwa amesoma mbele ya watu wengi, na ukumbi wenyewe ni wa kanisa, yeye ni Mwislamu. Evodia alisema wali wa sikukuu hauulizi mtu anasali wapi. Kilichomsumbua Ashura zaidi kilikuwa kingine. Alimwomba Evodia ruhusa ya kuutumia mkasa wao, akapewa. Akauliza, na jirani je?

"Huyo atajulishwa."

"Na nani, mama?"

Evodia alitazama kule alikofungwa mbuzi.

Siku yenyewe tulikwenda wateja kadhaa kutoka mjini, tumesukwa upya wote, na Awadhi alifunga karakana akaja amevaa kanzu yake ya Idi. Ukumbi ulijaa. Kokwijuka alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, mwanamke mrefu mwenye kitenge kipya na mkoba mapajani. Evodia alikaa upande mwingine, karibu na mlango wa jikoni. Ashura alisimama na karatasi zake, akasoma mstari wa kwanza kwa kujikwaa. Nilimwona anachukua ncha ya mtandio wake na kuanza kuisokota kati ya vidole, na sauti ikatulia.

Alisoma vizuri. Watu walicheka kwenye mkungu wa ndizi, wakanyamaza kwenye moshi wa jikoni. Lakini alipofika kwa mbuzi, kicheko kilianza kikakatika, kwa sababu kila mtu wa Izigo alijua mbuzi huyo ni wa nani. Vichwa vikageuka upande mmoja, vikageuka upande wa pili. Ashura alisoma mpaka mwisho wa sehemu ile akiwa haangalii mtu. Alipoinua macho, Kokwijuka alikuwa amesimama.

"Dada msomaji, umesoma vizuri," alisema. "Ila kuku wangu umewapunguzia maneno. Walisema zaidi ya hayo."

Ashura akamwomba, kwa adabu, aeleze walisema nini.

"Walisema kwamba siku ya ile harusi wali uliungua. Uliungua chini na juu ukabaki mbichi. Aliyeijua ile sufuria alikuwa ameshaondoka, na mimi ndiye niliyemwondoa. Waliyasema hayo kila asubuhi, ila waliyasema kwa sauti ndogo."

Kutoka mlango wa jikoni Evodia akajibu, na safari hii hakumtafuta mnyama wa kumtuma.

"Niliusikia ukiungua, Kokwijuka. Harufu ilifika mpaka kwangu. Nilikaa kitandani nikacheka, halafu nikalia."

Hapo ukumbi ulipasuka. Watu walicheka, wengine wakipangusa macho, na mchungaji mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanapanda na kushuka. Kokwijuka aliweka mkoba wake kwenye kiti, akapita katikati ya watu mpaka mlango wa jikoni, na wawili wale wakaingia ndani. Hatukusikia walichosema. Tulisikia vifuniko vya sufuria. Wali wa siku ile ulitoka mweupe, unachambuka, na Awadhi aliongeza mara mbili.

Usiku wa kuamkia Jumatatu Ashura alirudi mjini, na alfajiri alikuwa mbele ya kistendi chake. Alifumua mwisho wa hadithi wote, kwa kuwa alichosema Kokwijuka kilikuwa bora kuliko alichotunga yeye. Alimpigia simu kumwomba ruhusa ya kuutumia ule wali ulioungua. Kokwijuka alikubali kwa sharti moja, kwamba hadithi ikiwa kitabu, sufuria iwe kubwa zaidi.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, chembamba, kimechapwa hapa hapa mjini, na Klaudia ndiye aliyenyoosha nukta na mikato. Kimesomwa katika saluni zaidi ya moja. Klaudia anakisoma darasani, na anasema wanafunzi wake wanabishana juu ya dada mkubwa kama tulivyobishana sisi. Evodia na Kokwijuka wanakwenda kanisani pamoja. Kuna asubuhi bado wanatumiana mbuzi na kuku, lakini sasa ni kwa raha yao, na majirani wanasema maneno yamekuwa makali zaidi.

Na Ashura amebadilika kidogo. Zamani alitusimulia tu. Safari ile ya Izigo ilimwonyesha kwamba hadithi nyingine ziko kwa watu, zinangoja mtu wa kukaa karibu. Alhamisi mchana anafunga saluni anakwenda Kagondo kwa Rwekaza, mzee aliyepiga tarumbeta katika harusi za mkoa huu kwa miaka mingi na anayekumbuka ni bwana harusi yupi alijificha chooni. Anamsikiliza huku anamfumia kofia ya sufu, kwa sababu mzee hana nywele za kusuka. Asubuhi zinazofuata anaandika.

Juzi nilikwenda kwake kusukwa. Aliniuliza, kama kwa kupitisha muda, nilipata wapi kazi yangu ya kwanza na bosi wangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kueleza. Nikaeleza habari za yule bosi na mbwa wake, na siku nilipofungiwa stoo kwa bahati mbaya, na barua ya mapenzi niliyoikuta mle ndani isiyokuwa yangu. Wa kwenye benchi walikuwa wanacheka, mmoja akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Nililipa, nikaaga, nikatoka. Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani nilipotambua kwamba siku nzima Ashura hakuwa amesimulia hata neno moja, na kwamba simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Nilisimama barabarani nikacheka peke yangu. Kisha nikaanza kukumbuka mambo mengine ya kumwambia, yale ya bosi wa pili, ambaye kwa kweli alikuwa na vituko zaidi.